Osiloskopu moja, darasa la watu arobaini

(Maneno niliyoyasema kwenye kikao cha vijana wa tawi letu.)



Nimepewa dakika tano. Hiyo spika iliyokuwa inanguruma "mmmm" katibu anapoongea, mliisikia? Mkadhani ni maiki. Siyo maiki. Umeme wa ukutani ni hezi 50. Ukiupitisha kwenye diodi nne ili uende upande mmoja, unatoka na vilima 100 kila sekunde. Kazi ya kapasita ni kuvisawazisha. Kapasita ikizeeka vilima vinabaki, ndiyo huo mngurumo. Jioni nitaibadilisha, bure, ila kapasita mnunue nyie. Na msiifungue wenyewe, inatunza chaji hata ukichomoa waya.

Hayo nilifundishwa na fundi redio wa mtaani kwetu. Mimi nasoma stashahada ya elektroniki, chuo cha ufundi, mwaka wa mwisho. Chuoni vilima hivyo nilichorewa ubaoni. Osiloskopu, ile mashine inayokuonyesha kwenye kioo umeme unavyopanda na kushuka, ilikuwepo moja nzima, na sisi tulikuwa arobaini na kitu. Anayeshika vitufe ni mmoja, wengine tunanakili majibu yake. Ripoti tukapeleka, alama tukapata.

Nikaenda fildi, kiwandani. Siku ya pili msimamizi ananiambia, "Dogo, pima pale, niambie unaona nini." Picha inakimbia tu kwenye kioo, haisimami. Sikujua kuna kitufe cha kuisimamisha. Akaja dada mmoja wa chuo kingine, akazungusha kidogo, ikatulia. Yule mzee hakunigombeza. Alinipa ufagio. Wiki nzima nikafagia karakana.

Sasa jamani, mtaala wetu unaitwa wa umahiri. Nikimaliza, cheti kitasema mimi ni mahiri, na mama yangu aliyeuza mbuzi kulipa ada atakiamini.

Tuwe wakweli, hata kama serikali hatuipendi: tangu mwaka wa masomo 2023/24 imeanza kukopesha wanafunzi wa stashahada, kwa fani ilizozichagua. Ni hatua. Ila mkopo unamfikisha mtu darasani, hauweki kifaa mezani.

Sisi tumezoea kuuliza ajira ziko wapi. Hata mimi nauliza. Lakini viongozi wetu wakipanda jukwaani waulize na hili: kila chuo kina vifaa vingapi vinavyofanya kazi, kwa wanafunzi wangapi? Wasiseme "maabara ipo". Chumba kipo, sawa. Ndani kuna nini?

Namba hizo hatuletewi, tuzihesabu wenyewe. Mimi nimeshaanza kwenye daftari: mita tisa, tatu hazina betri, pasi za kulehemu sita, mbili hazipati moto. Kama unasoma chuo cha ufundi, chochote kile, tuonane baada ya kikao. Nitakuwa hapo kwenye spika.