Kamera ya Jirani Inaangalia Wapi?

(Maneno tuliyosema kwenye mkutano wa vikundi, Kisauni)

Leo hatukuja na habari za kuku wala za mikopo. Tumekuja na jambo la kamera.

Kwa nini watu wanaziweka, twajua. Kisauni na Likoni tumelala kwa hofu ya vijana wa mapanga, na mtu aliyevunjiwa duka mara mbili hutamwambia asijilinde. Kikundi kimoja kilichanga pesa kikafunga kamera juu ya lango. Vizuri. Lakini nyumba zetu mwazijua: ua ni mmoja, bafu liko nje. Kamera ile ililinda lango, na pia ikawaona akina mama wakitoka kuoga na leso. Picha zote zikiingia simu ya kijana mmoja. Mama mmoja alipouliza akajibiwa, "Kama huna baya, waogopa nini?" Jamani, mlango wa bafu twaufunga kwa sababu tumeiba?

Kamera ikageuzwa. Kazi ya dakika kumi.

Sheria ipo. Katiba ya 2010, kifungu cha 31, yampa kila mtu haki ya faragha, yaani mambo yake ya ndani yasichunguliwe. Kisha kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Anayerekodi kwa shughuli za nyumbani kwake tu ameachiwa nafasi. Lakini mwenye duka au mwenye nyumba za kupangisha asijifiche humo. Awaambie watu kwamba wanarekodiwa, na kwa nini. Mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila idhini ya wazazi. Si mchezo.

Linalotutisha zaidi ni WhatsApp. Kijana wetu alionekana kwenye kamera saa nane usiku na begi. Kufika asubuhi video imezunguka mtaa mzima: "Mwizi ndiye huyu." Kumbe atoka zamu, begi lina nguo zake za kazi. Alijificha kwa shangazi yake siku nne, na mwajua kwetu neno "mwizi" huwaita watu na mawe. Mwenye video ya wizi na aipeleke polisi, si kwenye grupu.

Kikundi cha lango lile sasa wamekubaliana: picha zikae siku 14 zifutwe, simu ishikwe na mweka hazina. Yule mama ndiye aliyeshikilia iandikwe kwenye kitabu cha mikutano.