Maske inatoka, jina la muchawi haitoke

Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana na wazazi, Fungurume, tarehe 31 Oktoba



Juma hii, mu telefone zetu kuko paka picha za Halloween. Kijana mumoja aliniuliza: "Yaya, siye pia tufanye? Ao ni mambo ya shetani?" Mama mumoja akajibu mbele yangu: "Ni uchawi ya wazungu." Nikasema jibu yangu nitaileta hapa leo.

Kwanza tujue ni kitu gani. Halloween ni mangaribi ya kuamkia siku ya Watakatifu Wote, 1 Novemba, ile wakatoliki wetu wanajua muzuri. Desturi zake nyingi zilitoka Ayalandi na Uskoti, na wahamiaji wakazipeleka Marekani mu karne ya 19. Kule wanachonga sura ya kutisha mu boga na kuwasha taa ndani. Siye boga hatuchonge: tunaikula, na majani yake, bibwabwa, tunapika na karanga. Mutoto wa kule anavaa maske ya muchawi, anapiga hodi kwa jirani, anapewa bombo. Usiku ikiisha anavua maske, ananawa uso, analala kwao. Asubui ni mutoto tena.

Mimi sioni shetani mule. Lakini sioni pia lazima tuige. Siku yetu iko: 1 Agosti, siku ya wazazi, wazima na waliokufa. Asubui tunaenda kusafisha makaburi, kisha tunarudi kukula pamoja na wazazi wenye wangali wazima. Ile inatutosha.

Kitu kimoja tu kilinikamata roho. Kule mutoto anaitwa muchawi mu michezo. Huku anaitwa muchawi kweli, na ile maske hakuna mwenye kumuvua.

Niwaambie mambo niliona na macho yangu. Mu mtaa wetu kulikuwa mutoto mwanamuke wa miaka 8. Mama yake alikufa, baba akaoa mwingine. Kazi ya baba ikaisha. Kisha mutoto muchanga wa ile nyumba akafa na homa. Mu chumba kimoja cha maombi wakasema: ni huyu. Juu ya nini? Juu anakojoa ku kitanda, na usiku anaongea mu usingizi. Wakamufungisha siku mbili bila chakula. Kisha akaanza kulala ku baraza za watu, na muchana anaenda kusafisha mawe na wengine.

Mimi nilisoma sheria. Niko na diplome, kazi sina, dosie zangu zinazunguka tu mu maofisi. Nilijua Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, ya kulinda mutoto. Kifungu 160 kinasema mwenye kumusingizia mutoto uchawi anaweza kufungwa mwaka 1 mpaka 3, na kulipa faini. Nilijua, na nilinyamaza juma mbili. Niliogopa watasema: "Anamutetea, basi ni mwenzake." Haya ile ningali nayo mpaka leo.

Siku tulienda, tulikuwa wanne, pamoja na nyanya yake. Hatukupiga kelele. Tuliuliza baba: "Mutoto muchanga alipimwa damu?" Hapana. "Nyumba ngapi hapa zimelia mutoto juu ya malaria? Zote ziko na muchawi?" Alinyamaza, kisha akalia. Nyanya akamuchukua mutoto. Leo anasoma. Lakini ku masomo wenzake wangali wanamuita lile jina.

Ndugu zangu, mu muji wenye makamyo ya shaba na kobalti yanapita muchana na usiku, baba akikosa kazi tunatafuta mukosaji kwa mutoto wa miaka 8. Ni rahisi, juu hawezi kujitetea. Kuuliza wenye nguvu, pale njo tunaogopa.

Wazazi, mutoto akigonjwa, hospitali kwanza. Maombi hakuna mwenye kuikataza. Wapastori, wengi wenu munafanya kazi muzuri. Semeni wazi Jumapili hii kama hakuna mutoto mwenye atatajwa muchawi mu kanisa yenu. Wakubwa wa serikali, sheria hii iko tangu 2009: itangazwe mu Kiswahili ku radio, na mwenye kuleta malalamiko asiombwe makuta.

Na siye vijana: ukisikia jina hilo linapewa mutoto, usingoje juma mbili kama mimi. Tafuta wenzako watatu, muende.

Wenye kutaka kuvaa maske usiku wa leo, muvae. Mutie paka bombo mu mifuko, juu wadogo zetu watawafuata.