Baada ya Mawaziri Kutoka

Tarehe 20 Desemba 2013, bungeni Dodoma, mbunge wa Kahama, James Lembeli, aliyekuwa mwenyekiti wa Kamati ya Bunge ya Ardhi, Maliasili na Mazingira, aliwasilisha taarifa ya kamati yake kuhusu Operesheni Tokomeza Ujangili. Operesheni ile ilianza mapema mwezi Oktoba. Iliwakusanya pamoja wanajeshi, polisi, watu wa usalama na askari wanyamapori, na haikumaliza hata mwezi: ilisitishwa tarehe 1 Novemba, baada ya vilio vya wananchi kufika bungeni kupitia kwa wabunge wao. Taarifa ya kamati ilitaja raia 13 waliouawa, watu zaidi ya 1,000 waliokamatwa, mateso, ubakaji na ng'ombe waliopigwa risasi. Siku hiyohiyo Khamis Kagasheki, Waziri wa Maliasili na Utalii, alisimama na kutangaza kwamba anajiuzulu. Kisha Waziri Mkuu Mizengo Pinda akalieleza Bunge kuwa Rais Jakaya Kikwete ameridhia kutengua uteuzi wa mawaziri wote wanne ambao wizara zao ziliguswa: Kagasheki mwenyewe, Emmanuel Nchimbi wa Mambo ya Ndani, Shamsi Vuai Nahodha wa Ulinzi, na Mathayo David Mathayo wa Mifugo na Uvuvi.

Ilikuwa siku nzito, na Bunge lilifanya kazi yake kama Katiba inavyolitaka katika ibara ya 63, yaani kuisimamia Serikali kwa niaba ya wananchi. Silipuuzi hilo hata kidogo. Ila tangu siku ile tumezoea kulisimulia jambo hili kana kwamba liliishia pale: mawaziri walitoka, hesabu ikafungwa. Hoja yangu leo ni kwamba waziri anapoachia kiti, hesabu ndiyo kwanza imefunguliwa. Kiswahili chetu kina maneno mawili hapa, kuwajibika na kuwajibishwa, na yote mawili yanamhusu mkubwa: ama ameondoka kwa hiari, ama ameondolewa. Aliyefiwa hayumo katika neno lolote kati ya hayo. Yeye anataka kujua nani alifyatua risasi, kwa amri ya nani, na ng'ombe wake watalipwa na nani. Majibu ya maswali hayo hayatoki kwenye barua ya kujiuzulu.

Tunayo historia yetu ya kupimia. Mwaka 1976, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, vyombo vya dola viliendesha msako wa watu waliotuhumiwa kwa mauaji ya vijijini, na baadhi ya waliokamatwa waliteswa hadi kufa wakiwa mikononi mwa walinzi wao. Mwanzoni mwa 1977 Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu, ingawa hakumgusa mahabusu hata mmoja. Hili ndilo tunalolikumbuka, na tunalikumbuka kwa heshima, kwa kuwa baadaye mtu huyo alikuja kuwa Rais wa nchi. Tunalolisahau ni kwamba jambo halikuishia kwake. Maofisa waliohusika walifikishwa mahakamani, na baadhi yao walitiwa hatiani. Hatua mbili zilifuatana: mkubwa alibeba dhamana ya kisiasa, na mtenda akabeba kosa lake mbele ya hakimu. Hatua ya kwanza bila ya pili inamwacha aliyetesa akiwa bado amevaa sare. Ya pili bila ya kwanza inamtoa kafara askari wa chini, huku aliyetoa amri akilala usingizi.

Sasa kuna pingamizi zito, kwamba uwajibikaji unawafunga mikono askari, na hapa Singida pingamizi hilo lina sauti tunayoifahamu. Mwishoni mwa Desemba 2013 Lazaro Nyalandu, mbunge wa Singida Kaskazini, wakati huo Naibu Waziri wa Maliasili na Utalii na wiki chache baadaye waziri kamili, alieleza kwamba wakati operesheni ikiendelea mwezi Oktoba waliuawa tembo 2 tu, lakini katika miezi miwili baada ya kusitishwa waliuawa 60. Wanaotetea operesheni za mkono wa chuma huishika hoja hii kwa nguvu, nao wana sababu. Sensa za tembo zilionyesha kwamba kati ya 2009 na 2014 idadi yao nchini ilishuka kutoka takriban 109,000 hadi karibu 43,000. Majangili waliofanya kazi hiyo walikuwa na silaha za kivita, na hawakuwa watu wa kuonywa kwa mabango. Serikali ilikuwa na kila haki ya kupeleka nguvu porini.

Lakini zitazameni tena takwimu hizo za Nyalandu, mjiulize kwa nini operesheni ilisimama. Majangili hawakuishinda, wala fedha hazikutajwa kuwa zimekwisha. Ilisimama kwa sababu walioendesha msako waliwatendea raia mambo ambayo Bunge halingeweza kuyafumbia macho. Kwa hiyo wale tembo 60 ni sehemu ya gharama ya ukatili ule. Amri zingekuwa wazi, na kila risasi ingekuwa na mtu wa kuitolea maelezo, operesheni ingeendelea kwa miezi, pengine kwa miaka, wananchi wakiwa upande wake. Anayesema uwajibikaji unawafunga mikono askari hajaeleza kwa nini kukosekana kwake ndiko kulikowarudisha kambini kabla ya mwezi kwisha.

Wapo pia wanaosema mambo ya jeshi ni siri. Kabla ya operesheni, sawa: tarehe, njia na majina ya watoa habari vifichwe, tena vifichwe sana. Baada ya operesheni, marehemu si siri. Sheria ya Uchunguzi wa Vifo ya mwaka 1980 ipo, nayo inataka kifo chenye utata, hasa cha mtu aliyekuwa chini ya ulinzi, kichunguzwe na chanzo chake kijulikane. Uchunguzi wa aina hiyo unaweza kufanyika wilayani, karibu na ndugu na mashahidi. Sisi tumezoea njia nyingine, ya tume. Mwaka 2014 Rais aliunda tume chini ya Jaji mstaafu Hamisi Msumi kuichunguza Operesheni Tokomeza, nayo ikamkabidhi taarifa yake mwaka 2015. Tume ina faida zake, maana inaona picha nzima, lakini taarifa yake kisheria ni ya Rais aliyeiunda. Mfiwa hana haki ya kuidai.

Jambo hili haliko mbali nasi. Mapori ya akiba ya Rungwa, Kizigo na Muhesi yanaanzia huku kwetu, upande wa Manyoni na Itigi. Kwenye misitu ile wako warina asali wanaolala porini siku kadhaa wakiwa na panga na vifaa vya moshi, na wako wafugaji wanaofuata maji na malisho kiangazi kinapokaza. Kwa askari aliyeletwa kutoka mkoa mwingine, mwenye amri isemayo kamata na asiyeijua sura ya mtu yeyote, mrina asali na jangili wanafanana. Kinachowatofautisha ni maelekezo ya maandishi: lini unaruhusiwa kufyatua, uliyemkamata unamkabidhi kwa nani na ndani ya saa ngapi, mifugo inahesabiwa mbele ya nani. Maelekezo hayo yanamlinda mrina asali, na yanamlinda pia askari mwadilifu anayekataa kufanya unyama na anayehitaji karatasi ya kumwonyesha mkubwa wake.

Kila mwaka, katika mkutano wa bajeti, Wizara ya Maliasili na Utalii huenda bungeni kuomba fedha, na sehemu ya fedha hizo hununua risasi na mafuta ya magari ya doria. Wabunge wa mkoa huu wanaweza kusimama siku hiyo na kuuliza kabla ya kupiga kura. Maelekezo ya matumizi ya silaha yameandikwa wapi? Tangu bajeti iliyopita ni vifo vingapi vimetokea kwenye doria, na vingapi vimefanyiwa uchunguzi chini ya sheria? Fidia imelipwa kwa nani? Na familia iliyompoteza mtu wake mwaka 2013 iende ofisi gani kuisoma taarifa ya Tume ya Jaji Msumi?