Msichoke Kumpokea

Tangazo la Julai 2025 kutoka Nairobi mlilisikia: serikali ilitaka umri wa kununua pombe upande kutoka miaka 18 hadi 21. Redio hii haibishani na umri. Linalotusumbua ni yule aliyeipita 21 zamani, mwenye mke na watoto, na ambaye ameokoka mara nne.

Mnamjua. Yuko Runyenjes, yuko Kianjokoma, yuko Nkubu, yuko Maua. Bonasi ya chai ikiingia, haifiki nyumbani. Kesho yake analia. Jumapili anaenda mbele, anapiga magoti, anaombewa. Miezi miwili ni mtu mwingine: shamba limepaliliwa, karo imelipwa. Kisha anaokotwa mtaroni. Akirudi kanisani safari ya tano, anaketi benchi la mwisho karibu na mlango, kofia mkononi, na meza ya Bwana inapoandaliwa anatoka polepole. Hakuna aliyemfukuza. Macho yalitosha.

Hapo ndipo penye hofu yetu. Embu haijasahau Mei 2014, pombe yenye methanoli ilipoua makumi ya watu katika kaunti kadhaa, yetu ikiwamo, na kuwapofusha wengine. Hatujasahau Kangai, kwa jirani zetu wa Kirinyaga, pombe ilipoua tena Februari 2024. Makanisa yalizika, na makaburini tulihubiri vizuri sana. Wangapi kati ya wale walikuwa wametubu, wakaanguka, wakatubu, wakaanguka, mwisho wakachoka kutubu kwa sababu sisi tumechoka kusamehe?

Petro alidhani mara saba ni nyingi. Bwana akampa sabini mara saba. Luka naye anaandika kwamba ndugu akikukosea mara saba kwa siku moja, na mara saba akarudi kutubu, umsamehe. Kwa siku moja! Mungu anayetudai subira hiyo hawezi kuwa na subira ndogo kuliko yetu. Aanguke, arudi. Aanguke tena, arudi tena.

Wazee wa kanisa watasema tukisamehe kila mara, dhambi itageuka mchezo. Tunawaheshimu wazee, na Paulo mwenyewe alikataa katakata kwamba tudumu dhambini ili neema iongezeke. Toba ina kazi yake. Uamsho wa kiroho ulipotoka Rwanda ukafika Kabete mwaka 1937, kisha ukapanda hadi huku kwetu mlimani, ndugu walisimama wakataja dhambi zao waziwazi, wakarudisha walivyoiba. Na walikutana, wakaulizana hali, wakaombeana. Toba ya mtu mmoja ilibebwa na wengi.

Lakini toba ya mchezo tunajua inakoketi, na tumelisema katika kipindi hiki mara nyingi. Inaketi mbele, kwenye kiti cha mgeni wa heshima. Mwanasiasa aliyetukana watu wiki nzima anakabidhiwa maikrofoni, anatoa bahasha, anapigiwa makofi. Hakuna anayemuuliza ametubu lini. Waanglikana walitangaza mwaka 2021 kwamba mimbari si ya wanasiasa. Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilikataa mamilioni ya Rais Novemba 2024. Bado bahasha zinaingia. Mwenye bahasha husamehewa kabla hajaomba. Mlevi huomba mara tano na bado anaketi mlangoni. Hilo ni kosa, na mbele za Mungu litaulizwa.

Basi, wachungaji, mtembeleeni Jumatatu, siku ambayo kiu inamrudia. Mapadri, mwekeeni nafasi ya kitubio hata akija kila wiki na dhambi ile ile. Akina mama, mshikeni mkono mkewe, maana aibu imemfungia ndani. Na mpelekeni hospitali pia, kwa sababu mwili uliozoea pombe unahitaji tiba pamoja na maombi. Wakati wa bonasi, ndugu wawili waandamane naye hadi nyumbani.

Nawe unayetusikiliza huku ukijiona umemchosha Mungu: hujamchosha. Umeanguka jana? Rudi. Umeanguka asubuhi hii? Rudi. Usingoje utakate ndipo uje, njoo utakaswe. Itaje dhambi yako, mtafute uliyemkosea, urudi. Jumapili hii usiketi mlangoni. Na ninyi mlio mbele, bila bahasha na bila macho makali, inukeni mkampokee!