Shuka Kwanza Uone



Mwezi wa Agosti 1944, vita vilipokuwa vikali huko Ufaransa, Waingereza walikuwa na ndege za kivita zilizoitwa Typhoon. Kila moja ilikuwa na mizinga midogo minne, na nyingi zilibeba roketi nane chini ya mabawa. Zilishuka kwa kasi juu ya barabara za Normandy, zikateketeza vifaru na malori ya Wajerumani.

Jumapili, tarehe 27 ya mwezi huo, ndege 16 za namna hiyo zilitumwa kushambulia meli zilizoonekana karibu na Le Havre. Kiongozi wa ndege alipozitazama, alidhani ni za wenzao. Akauliza kwa redio, akauliza tena. Jibu likawa: shambulieni. Mabaharia walirusha ishara za kujitambulisha, lakini haikusaidia kitu. Meli mbili, Britomart na Hussar, zilizama, na zaidi ya watu 100 wakafa. Kumbe zilikuwa meli za Waingereza wenyewe, zikiondoa mabomu yaliyotegwa baharini! Amri za kazi yao zilikuwa zimebadilishwa, na ofisa aliyepaswa kujulishwa hakujulishwa.

Ndugu, sisi hatuna ndege, bali tuna ulimi. Katika baraza la kanisa tumewahi kuambiwa kwamba mwenzetu mmoja haonekani tena ibadani, amerudi nyuma. Mzee mmoja akauliza, "Je, yuko aliyefika kwake?" Tukamnyamazisha, tukalifuta jina la mwenzetu. Baadaye tukasikia kwamba alikuwa akimwuguza mamaye usiku na mchana. Tulipokwenda kuomba radhi, tulimkuta katika matanga.

Katika Mwanzo 18 tunasoma kwamba kilio juu ya Sodoma kilipomfikia Mungu, Yeye ajuaye yote alisema kwanza atashuka aone. Na katika Kristo alishuka hata akakaa katikati yetu. Basi sisi ni nani hata tuhukumu tukiwa mbali?

Juma hili, kabla ya kulipeleka mbele neno baya tulilosikia juu ya mtu, twende kwake kwa miguu yetu, tubishe hodi. Na yule anayeuliza, "Je, tuna hakika?" tusimzibe mdomo. Huenda Bwana amemtuma atuepushe na damu ya ndugu.

Na tuombe. Ee Bwana, utusamehe kwa ajili ya wale tuliowaumiza tukidhani ni adui. Utufundishe kushuka. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.