Mashine Husema Kabla ya Kuvunjika

*Maneno ya hotuba iliyotolewa kwa niaba ya mafundi katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu*



Tumepewa heshima ya kusema machache katika siku hii kubwa. Waliotutangulia wamekwisha kusema juu ya bei, mbegu na mikopo. Sisi mafundi tumeombwa kueleza jambo ambalo aghalabu halitazamwi mpaka limekwisha kuleta hasara, nalo ni mtetemo wa mashine: namna ya kuupima kwa chombo cha mkononi, na namna ya kupiga balansi mashine papo hapo ilipo, pasipo kuing'oa.

Wazee wetu wanajua kwa nini wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa waliungana. Walianza kwa kudai mizani ya haki. Mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, ambalo Paul Bomani alikuwa kiongozi wake mkuu, na halikukawia kuwa na vinu vyake lenyewe vya kuchambua pamba. Vyama vikuu vilivunjwa mwaka 1976, vikarudi mwaka 1984, na hapo ndipo SHIRECU ya Shinyanga ilipozaliwa. Katika historia hiyo yote, kinu kilikuwa fahari ya mkulima. Lakini mwenye kinu ndiye mwenye wajibu wa kukitunza. Na kinu kikisimama katikati ya msimu, pamba hulala ghalani, malipo huchelewa, na mtoto wa mwanachama hurudishwa nyumbani kwa kukosa ada.

Tutazame basi kiungo kimoja tu cha kinu, yaani feni. Feni ndiyo ifyonzayo pamba mbegu kwa njia ya mabomba na kuipeleka kwenye mashine. Pamoja na pamba huja vumbi na mchanga. Mchanga hula mapanga ya feni, wala hauyali sawasawa. Vumbi na nyuzi hugandama upande mmoja zaidi ya mwingine. Hapo uzito wa feni hauko sawa tena kuzunguka shafti yake.

Mtu aweza kuuliza: gramu chache zitafanya nini katika chuma cha kilo nyingi? Tufanye hesabu. Feni inazunguka mara 1,500 kwa dakika, yaani mara 25 kwa sekunde. Uchafu wa gramu 20 umegandama umbali wa sentimita 50 kutoka katikati ya shafti. Kwa mwendo huo, gramu 20 hizo huvuta shafti kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa kilo 25, tena mara 25 kila sekunde, mchana na usiku. Mwendo ukiongezwa mara mbili, nguvu hiyo huwa mara nne. Nani ashangae, basi, beringi zikifa kabla ya wakati wake, bolti zikilegea, na msingi wa zege ukipasuka?

Fundi wa zamani aliweka ncha ya bisibisi juu ya nyumba ya beringi, akatega sikio kwenye mpini. Ni ujuzi wa kuheshimiwa, lakini sikio halina kumbukumbu ya tarakimu. Chombo cha siku hizi huchukuliwa kwa mkono mmoja. Sensa yake hushikishwa kwa sumaku juu ya nyumba ya beringi, na kipimo huchukuliwa kwa ulalo, kwa wima, na kwa kufuata urefu wa shafti. Hesabu hutolewa kwa milimita kwa sekunde. Kanuni ya kimataifa ya feni za viwandani, ISO 14694 ya mwaka 2003, yatupa mwongozo. Feni ya kawaida ya kiwandani, iliyofungwa juu ya msingi mgumu, isizidi 4.5 inapoanza kazi, ikifika 7.1 ni onyo, ikifika 9.0 na isimamishwe.

Tena chombo hiki huuchambua mtetemo kama mkulima apepetavyo mtama. Mtetemo ujao mara moja kwa kila mzunguko mara nyingi hushitaki uzito usio sawa. Ujao mara mbili kwa kila mzunguko mara nyingi hushitaki shafti mbili zisizonyooka. Mtetemo wa kasi zaidi, usiolingana na mzunguko wa shafti, mara nyingi hutoka katika beringi iliyoanza kuchubuka. Kwa hiyo fundi hubadilisha kilicho kibovu, asibadilishe kila kitu kwa kubahatisha.

Sasa tuje kwenye balansi. Wengi wameiona kwa fundi wa matairi. Desturi ya zamani ilikuwa kuing'oa feni na kuisafirisha kwa lori hadi karakana ya mjini. Siku hupotea, na ikirudi, yaweza kutetema tena, kwa kuwa karakana haikuipima pamoja na shafti, puli na msingi wake. Kupiga balansi mahali pake ni dawa ya mashaka hayo.

Chombo kamili husoma ukubwa wa mtetemo pamoja na upande uliko uzito, kwa msaada wa karatasi ing'aayo iliyobandikwa kwenye shafti. Lakini hata fundi mwenye kipimo cha ukubwa peke yake aweza kuifanya kazi hii kwa karatasi na bikari. Apime mtetemo wa kwanza, achore duara ambalo nusu kipenyo chake ni kipimo hicho. Aweke alama tatu juu ya duara, zilizogawanyika sawa, kama zilivyo sehemu tatu alizozichagua juu ya feni. Afunge uzito mdogo wa kujaribia katika sehemu ya kwanza, aendeshe, apime. Kisha auhamishie ya pili, na ya tatu. Kutoka kila alama achore tao ambalo nusu kipenyo chake ni kipimo kilichopatikana pale. Matao matatu yatakutana karibu na nukta moja. Mstari utokao katikati ya duara kupita nukta hiyo huonyesha upande wa kuweka uzito wa kusahihisha, kwa umbali ule ule kutoka shafti. Kama mtetemo wa kwanza ulikuwa 9, na urefu wa mstari hadi nukta ni 3, basi uzito unaotakiwa ni mara tatu ya ule wa kujaribia, ambao sasa huondolewa.

Twaonya mambo matatu. Kwanza, feni isafishwe na bolti zikazwe kabla ya kupima, maana mara nyingi ufagio peke yake hutosha. Pili, panga lenye ufa halipigwi balansi. Hutengenezwa au hubadilishwa. Tatu, swichi kuu ifungwe kwa kufuli kila fundi anapoigusa feni, na mtu yeyote asisimame ubavuni mwake inapojaribiwa, kwa kuwa uzito ukichomoka huruka kama risasi.

Maneno haya si ya kinu cha pamba tu. Wengi wenu mna mashine za kusaga nafaka, na vijana wetu wa Geita na Kahama wana karasha za kusagia mawe ya dhahabu. Mashine yenye nyundo hutetema nyundo zikilika kwa kutolingana. Usibadilishe nyundo moja peke yake: zipime kwa mizani, na zinazolingana uzito ziwekwe zikielekeana. Katika migodi mikubwa, kupima mitetemo ya pampu na feni ni kazi ya ratiba, na vijana wa Kitanzania wamefundishwa ufundi wa mitambo ya migodini katika Chuo cha VETA Moshi. Ujuzi huo usiishie kwenye lango la mgodi.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mwenyekiti, twaomba Mkutano Mkuu ukubali mambo matatu. Chama kinunue chombo kimoja cha kuzunguka katika vinu vyetu vyote. Vijana wawili, watoto wa wanachama, wapelekwe mafunzo. Na kila meneja wa kinu aamriwe kuandika daftari la mitetemo: kipimo kimoja kabla ya msimu wa ununuzi kufunguliwa, kisha kila juma. Tarakimu moja haisemi mengi. Tarakimu zinazopanda juma kwa juma husema yote.

Twajua fedha ni za mkulima, na kila senti ina jasho lake. Ndiyo sababu twaomba zitumike kuziba ufa, zisisubiri kujenga ukuta.

Ushirika udumu.