Mchezo wa Kuhesabu Mapigo

Mara nyingi tunawasikia wazazi wakilalamika kwamba michezo ya kompyuta ni upuuzi mtupu. Kuhusu anayecheza, sitabishana nao sana. Jioni ya leo nataka tumtazame anayeutengeneza.

Mwaka 1986, nchini Uingereza, bwana mmoja aitwaye Andrew Braybrook alitoa mchezo wa Uridium kwa ajili ya kompyuta ya nyumbani ya Commodore 64. Mchezaji anarusha ndege ndogo, Manta, juu ya meli kubwa za angani, 15 kwa jumla, zilizopewa majina ya madini. Anapiga, anageuka ghafla, anakwepa kuta. Na meli inapita chini yake mbio, bila kusitasita.

Kazi ilikuwa hapo hapo, kwenye kutositasita. Kumbukumbu ya kompyuta ile ilikuwa nafasi ya herufi 65,536 tu, lakini nafasi si kitu mbele ya muda. Televisheni za Uingereza zilichora picha mara 50 kwa sekunde. Kati ya picha na picha, kompyuta ilipata mapigo yapatayo 20,000 ya saa yake ya ndani. Unaweza kudhani ni mengi. Sasa, kioo kizima kiliundwa kwa vigae vidogo, 40 kwa upana na 25 kwa kimo, yaani 1,000. Mtambo wa picha uliweza kuvisogeza wenyewe kwa nukta 7. Baada ya hapo programu yenyewe ilibidi ivihamishe, kimoja kimoja, na kila kimoja kikala mapigo 8 au zaidi. Piga hesabu: mapigo 8,000 yamekwenda, na adui hajasogea, wala risasi haijatoka! Ukichelewa kidogo tu, picha inashtuka, na mtoto anaona.

Sisi wa redio tunaiogopa saa ya studio, nayo inahesabu sekunde tu.

Kompyuta nyingine, Sinclair Spectrum, haikuwa hata na huo mtambo wa kusogeza picha. Dominic Robinson akauhamishia mchezo huko mwaka huo huo, kwa nguvu ya programu peke yake.

Kisha jasho lote hilo likauzwa kwenye kaseti, kaseti zile zile za muziki. Mwenye redio ya kaseti mbili aliweza kumnakilia rafiki yake wakati chai inachemka. Wanamuziki wetu hawahitaji kuelezwa habari hiyo.